Ku Lubunga, kamera ifungwe kwenye treni yenyewe

Toka siku Kinshasa iliposimamisha maroboti kwenye barabara zake, mwaka 2013, neno "kamera" limekuwa dawa ya kila ugonjwa wa barabara. Ajali kwenye njia panda: kamera. Pikipiki bila taa: kamera. Askari wa barabarani anaomba makuta: kamera. Na hapa Kisangani kuko wenye kusema sasa kwamba hata ng'ambo, ku Lubunga, pale barabara inapokata reli ya Ubundu, waweke kamera zinazofanya kazi zenyewe: zipige picha ya kila mwenye kuvuka wakati treni iko karibu, na picha ile igeuke amande.

Mimi sikatai kamera. Ninachokataa ni mlingoti wanaotaka kuifunga juu yake, na mtu wanayetaka imwangalie.

Kwa msomaji wa Mangobo au wa Kabondo ambaye hajavuka mto siku nyingi, nikumbushe kidogo. Reli yetu ina kilomita 125, kutoka Lubunga hadi Ubundu. Ilifunguliwa mwaka 1906, wakati mji uliitwa Stanleyville na Ubundu iliitwa Ponthierville, kwa sababu moja tu: maporomoko saba ya Boyoma hayaruhusu boti kupita. Mzigo unateremka mto kutoka Kindu, unashuka Ubundu, unapanda treni, unafika Lubunga, ndipo unavuka mto kuja kwetu. Miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa njia ya watu wa Maniema kufika Kisangani, pamoja na mchele wao na mafuta yao. Leo treni ile inaweza kukaa majuma, hata miezi, bila kuonekana. Halafu siku moja inatoka.

Na hapo ndipo hatari iko. Mingi tunafikiri kwamba reli ya kuogopa ni ile yenye treni mingi. Lakini katika mji kama Likasi au Lubumbashi, ambako treni za madini zinakata mitaa, mtoto anakua akiisikia sauti ile, anaijua kama anavyojua sauti ya mama yake. Ku Lubunga reli imegeuka kitu kingine. Ni njia ya miguu, juu barabara ya udongo inajaa matope wakati wa mvua, na kwenye reli mtu anakanyaga mahali pagumu. Ni mahali pa kuanika mihogo. Ni kiti cha vijana wakati wa jioni. Mama anaweka pale beseni yake ya ndizi kwa sababu watu wote wanapita pale. Mwenye toleka anasukuma baiskeli yake yenye mifuko ya makala kati ya vyuma viwili, akili yake iko kwenye bei atakayopata ng'ambo. Jicho linazoea kutoona treni, sikio vilevile. Siku treni inakuja, inakuta watu ambao reli yenyewe imewafundisha miezi miwili kwamba hakuna kitu kinapita.

Tena treni haijui kukwepa. Shofere wa gari anaweza kugeuza usukani, hata kuingia kwenye shimo. Dereva wa treni ana breki na filimbi, basi. Hata ikienda polepole, kilomita 30 kwa saa, treni inakula metre 8 kila sekunde. Mwenye kuiona ikiwa metre 100 ana sekunde 12. Zinaonekana nyingi. Lakini mwenye toleka amefunga bidoni nne za mafuta ya mawese, gurudumu la mbele limenasa kwenye chuma, na mafuta yale si yake, ni ya mama mmoja wa soko ambaye atamudai mpaka bidoni ya mwisho. Sekunde 12 zinaisha akiokoa mzigo. Kuna na jambo jingine ambalo wataalamu wa usalama wa reli wanalijua zamani: kitu kikubwa kikikujia usoni moja kwa moja, jicho linakudanganya kwamba kinakuja polepole. Mtu anaona treni vizuri kabisa, anahesabu vibaya, anavuka. Mtu wa namna ile si mlevi wala si mjinga.

Sasa tuangalie kamera wanayopendekeza. Kamera ya namna hii haijui hatari. Inajua kitu kimoja: taa imewaka nyekundu, au bariere imeshuka, na chombo kimepita. Inasoma plaki, inatuma picha ofisini, ofisi inatafuta jina la mwenye gari na mahali anapokaa, karatasi inamfikia, analipa. Ni mnyororo mzima, na kamera ni pete moja tu ya mnyororo ule.

Pete ya kwanza: taa nyekundu iko wapi? Ku Lubunga hakuna taa nyekundu ya kuvunja. Kosa la barabarani linaanza na katazo ambalo mtu ameliona kwa macho yake. Nchi nyingi zinatumia alama mbili kwa makutano ya reli na barabara: pembetatu yenye picha ya uzio, maana yake mbele kuko bariere, na pembetatu yenye picha ya treni, maana yake hakuna bariere, jiangalie mwenyewe. Ulizeni wenye pikipiki kumi hapa mjini tofauti ya alama zile mbili. Wengine watacheka, juu hawajawahi kuziona. Kanuni yetu ya barabara ni sheria ya tarehe 30 Agosti 1978, namba 78-022. Wakati ule hakuna mtu aliyewaza picha inayojipiga yenyewe na kumhukumu mtu. Tutamshitaki mtu kwa picha gani, na mbele ya nani?

Pete ya pili: plaki. Hapa mimi ninaomba tusidanganyane. Ni nani anavuka reli ku Lubunga? Wenye miguu. Wanafunzi. Toleka. Mbuzi. Pikipiki, na pikipiki nyingi za mji huu zinatembea bila plaki. Kisha, mara moja moja, lori na jeep ya shirika fulani. Kamera itafungwa pale, itawaacha watu wote ambao treni inaweza kuwaua, na itaandika faini kwa jeep ya shirika, yenye plaki safi na shofere mwenye viatu. Tutaita hiyo usalama?

Pete ya tatu ni umeme. Mtambo wa maji wa Tshopo ulijengwa miaka ya 1950, una mashine 3, na kila mkaaji wa Kisangani anajua maana ya kuamka na kusikia kwamba imebaki moja inayozunguka. Tena mtambo uko ng'ambo yetu, si ng'ambo ya Lubunga. Watanijibu: tutaweka sahani ya jua. Sawa. Na nani atailinda usiku? Ukishaweka mlinzi wa kulinda sahani ya jua ya kamera, kwa nini mlinzi yule asisimame mchana kulinda watu?

Mfano wa Kinshasa unarudishwa kila mara, basi tuutazame vizuri, kwa heshima yake. Injinia Thérèse Kirongozi na wenzake wa shirika la Wotech walitengeneza maroboti ya alumini, marefu kupita mtu, yanayokula nguvu ya jua. Mwaka 2015 waliongeza mengine 3, wakayapa hata majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Ni kazi ya Wakongomani na mimi ninajivunia. Lakini roboti ile inafanya nini kwanza? Inanyoosha mkono. Inageuka. Inawasha nyekundu, inawasha kijani, inamwambia mwenye miguu: sasa pita. Kamera iko ndani yake, ndiyo, na picha zinakwenda kwenye kituo, lakini kazi ya kwanza ni kusimamisha watu kabla ya ajali. Wenye kutaka kamera ya Lubunga wamechukua jicho la roboti na kuacha mkono wake.

Na bei? Roboti moja, kwa habari za mwaka ule wa 2015, iligharimu karibu dola 27,500. Tuseme tunaajiri walinzi wawili wa makutano, mmoja asubuhi, mmoja jioni, kila mmoja dola 100 kwa mwezi. Ni dola 2,400 kwa mwaka. Bei ya roboti moja inawalipa zaidi ya miaka 11. Hesabu hii ni ya kwangu, kila mtu aipige upya na mshahara anaoona ni wa haki. Hata ukizidisha mshahara mara mbili, bado unapata miaka 5 na kitu.

Najua kwa nini kamera inapendwa. Juma lililopita nilikuwa kwenye baleniere ya kuvuka, watu wanasongana, na papa mmoja akasema kwa sauti: "Baweke tu kamera! Kamera haiombaka makuta, haisinziaka." Watu wakacheka, wengi wakakubali. Mama aliyekaa juu ya mfuko wake wa mihogo akamjibu: "Na ule treni imeshakanyaga, papa, kamera itamufufua?" Wakacheka tena, lakini kidogo.

Papa yule alisema ukweli, na ninaomba tusiupite haraka. Mtu wa Kisangani hapendi kamera kwa sababu ya kamera. Anaipenda kwa sababu amechoka na mtu. Amechoka kusimamishwa na mwenye kofia ambaye hataki kujua kama umevunja sheria au hapana, anataka kujua una ngapi mfukoni. Mashine inaonekana ni ya haki, juu haina tumbo. Lakini nyuma ya kamera kuko ofisi, na ndani ya ofisi kuko mtu, na mtu yule ana simu. Picha ya jeep yako ikifika kwake, unafikiri haitakuwa na bei? Sisi tunajua nchi yetu. Tutakuwa tumetoa tracasserie barabarani, mahali watu wanaiona na wanaweza kupiga kelele, na kuipeleka ndani ya ofisi yenye mlango.

Basi kamera haifai kabisa? Inafaa, na sana, lakini kwa kazi nyingine.

Nitatoa mfano wa Ufaransa, nchi ambayo imefunga kamera za faini kwenye makutano ya reli tangu mwaka 2010, miaka miwili baada ya treni kugonga basi la wanafunzi ku Allinges na kuua watoto 7. Tarehe 14 Desemba 2017, karibu na Millas, kusini ya nchi, treni iligonga basi la shule tena. Watoto 6 walikufa. Pale kulikuwa bariere ya kujiendesha yenyewe, yenye taa, yenye kila kitu tunachoota sisi. Na swali lililochukua karibu miaka mitano lilikuwa dogo kabisa: bariere ilikuwa imeshuka, au ilikuwa juu? Mwenye kuendesha basi alisema ilikuwa wazi. Wataalamu walisema ilikuwa imefungwa. Mashahidi hawakusema neno moja. Kesi ilisikilizwa Marseille mwaka 2022, na korti ikamkuta yule mwendeshaji na hatia. Wazazi walikaa miaka ile yote na swali ambalo picha ya dakika moja ingelijibu siku ile ile.

Hapo ndipo mimi ninaona kazi ya kamera: kuwa shahidi. Shahidi wa pande mbili.

Juu kwetu, mtu akigongwa kwenye reli, hukumu inatoka kabla ya maiti kuondolewa. Utasikia: motari alikuwa amelewa. Utasikia: mtoto alikuwa anacheza. Utasikia: yule bubu hakusikia. Hakuna mtu anauliza kama treni ilipiga filimbi, na ilipiga metre ngapi kabla ya makutano. Hakuna anauliza kama nyasi zilikuwa zimekatwa, au zilikuwa zimefika kimo cha mtu na kuficha reli. Hakuna anauliza treni ilikuwa na mwendo gani, kama ilitangazwa, kama taa yake ya mbele ilikuwa inawaka. Maskini hana mtu wa kuuliza kwa jina lake, na shirika lina barua yenye muhuri. Maswali ya namna hii hayako ya Kisangani peke yake. Tarehe 29 Novemba 2023, Manyoni, Tanzania, basi na treni ya mizigo viligongana, watu 13 wakafa. Tarehe 7 Agosti 2025, Naivasha, Kenya, treni iligonga basi la wafanyakazi, watu 8. Baada ya ajali kama zile, kitu cha kwanza ambacho familia zinataka ni kujua ilikwenda namna gani, na kitu cha kwanza kinachokosa ni mtu asiye na upande ambaye alikuwa anaangalia.

Reli yetu inajua maana ya kuwa na mashahidi na ya kutokuwa nao. Tarehe 4 Mei 1997, wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Biaro walijazwa ndani ya treni ya kuja Kisangani, wakasongamana, na 91 wakafa kwa kubanwa na kukosa hewa. Tunaijua hesabu ile, 91, kwa sababu watu wa HCR walikuwa hapo treni ilipofika, wakahesabu. Wengine wangapi wamekufa kando ya reli ile, kabla na nyuma ya siku ile, mmoja mmoja, bila mtu wa kuandika? Sitaki kulinganisha vifo. Ninasema tu kwamba mahali ambapo hakuna mwenye kuandika, mfu anabaki na lawama yake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kamera ifungwe mbele ya kichwa cha treni. Iangalie njia.

Fikirini faida yake. Kamera ya mlingoti inaona makutano moja. Ya kichwa cha treni inaona makutano yote, kutoka Lubunga mpaka Ubundu, kilomita zote 125, pamoja na vijia ambavyo hakuna serikali itavifungia kamera hata siku moja. Umeme wake unatoka kwenye betri ya kichwa chenyewe. Usiku inalala kwenye depo pamoja na treni, chini ya macho ya walinzi waliopo tayari. Haihitaji plaki, juu haitafuti wa kulipisha. Ikiwa na kinasa sauti, itaandika filimbi: ililia, haikulia, ililia mapema, ililia kuchelewa. Ikiwa na chombo kidogo cha kusoma mwendo kutoka satelaiti, kama kile kilicho ndani ya simu ya kila motari, itaandika treni ilikuwa na kilomita ngapi kwa saa. Na kwa reli yetu, ambayo vichwa vya treni vyake mtoto wa shule ya kwanza anaweza kuvihesabu kwa vidole, hatuongelei mamia ya mashine. Tunaongelea chache sana.

Hii si ndoto ya mtu wa Lubunga. Marekani ilitoa kanuni mwaka 2023 kwamba vichwa vya treni za abiria viwe na kamera ya kuangalia mbele na nyingine ya kuangalia ndani, kwa dereva. Ya ndani, mimi ningeiacha kwanza. Wafanyakazi wa SNCC wameishi miaka na malimbikizo ya mishahara ambayo nchi nzima inayajua. Ukimwekea mtu kamera usoni kabla ya kumulipa, atakuona wewe ndiye mwizi. Tuanze na ya mbele. Dereva mwema hata ataipenda, kwa sababu siku kijana amelala kwenye reli, kamera ile ndiyo itasema kwamba dereva alipiga filimbi, akafunga breki, na hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Madereva wale nao wanabeba wafu ndani ya vichwa vyao maisha yote, hilo hatulisemi mara nyingi.

Lakini shahidi anakuja nyuma ya kosa. Mama wa baleniere alikuwa na haki: kamera haifufui. Kabla ya shahidi tunataka mkono wa kusimamisha, na mkono ule ku Lubunga unaweza kupatikana bila mfadhili. Kwenye reli nyingi za dunia zenye treni chache, kuna desturi ya zamani: treni inakaribia barabara, inasimama kabisa. Mfanyakazi mmoja anashuka na bendera nyekundu, na taa kama ni usiku. Anaingia katikati ya barabara, anasimamisha watu huku na huku. Treni inavuka polepole. Anapanda tena, safari inaendelea. Inachukua dakika 3, labda 5. Kwenye reli ambayo treni yake inachelewa siku, sijui nani atalia juu ya dakika 5.

Watasema: treni nzito ikisimama inaumia kuanza tena, na mafuta ni ghali. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi isimame kwenye kila kijia cha msitu. Isimame ku Lubunga, kwenye makutano makubwa, yale yenye soko na shule karibu, ambako hata leo inapita polepole. Burgumestri anayajua. Wakuu wa kata wanayajua zaidi. Kwa yale mengine, mlinzi mmoja na simu: treni ikifika kwenye stasio ya mwisho kabla ya mji, mkuu wa stasio anampigia, na mlinzi anaenda kusimama mahali pake na bendera. Siku ambazo hakuna treni, mlinzi yule yule akate nyasi. Metre hamsini kila upande wa makutano, nyasi zisipite goti. Nyasi zile, kwa mawazo yangu, zinaweza kuua kupita kukosekana kwa kamera zote za dunia, na panga linauzwa kwa bei ambayo hata komine yetu inaiweza.

Kuna na jambo la kuangalia, tusije tukachezewa. Kamera ni kitu kinachopigwa picha vizuri. Liwali anakata utepe, shirika linaandika ripoti, televisheni inakuja. Nyuma ya utepe ule reli inabaki ile ile, na mbao zake zilizooza, na misumari iliyotoka. Mwezi wa Machi 2022, ku Buyofwe, jimbo la Lualaba, treni ya mizigo iliyokuwa imebeba watu wa kujificha ilianguka, watu 75 wakafa. Pale hapakuwa makutano wala motari. Kamera ya faini ingekuwa imeangalia nyasi. Mwenye kutuletea kamera atuambie pia, siku ile ile, atabadilisha mbao ngapi kati ya Lubunga na Ubundu.

Inabaki swali la nani anashika picha. Kama picha za kamera ya treni zinabaki kwa mwenye treni peke yake, siku ya ajali mbaya mtatangaziwa kwamba mashine iliharibika asubuhi ile. Tumeshasikia hadithi za namna ile. Nakala iende kwa parke ndani ya saa 24, na nyingine ibaki ku komine ya Lubunga, katika mikono ya kamati ndogo: mtu wa komine, mtu wa shirika la raia, mtu wa chama cha motari na toleka. Familia ya mfu ikiomba kuona, ionyeshwe, mbele ya mwanasheria kama wanataka. Na sura za watu wapitaji, watoto, akina mama wanaooga karibu na reli, zisizungushwe kwenye WhatsApp. Hapa mjini video ya maiti inafika Bunia kabla ya habari kufika kwa mama yake. Komisheni ya taifa ya kuzuia ajali za barabarani, CNPR, ina kazi hapo ya kuandika masharti, na isingoje Kinshasa iamke.

Kitu cha mwisho ninachoomba hakigharimu hata franga. Treni ikipangwa kutoka, Ubundu au Lubunga, stasio ipige simu kwa redio za mji. Watangaze siku na saa, kwa Kiswahili na kwa Lingala, mapema asubuhi, kabla ya watu kushuka mtoni na watoto kwenda masomoni. Na kama treni imechelewa, kama kawaida yake, watangaze tena, juu mtu aliyeingojea saa 4 na hakuiona, saa 10 ameshaisahau.